Mwaka Ambao Damu Yetu Ilikuwa Nyeupe

Siku tulipomzika Mama Kambale, nilicheka matangani, na si kile kicheko cha kuficha mdomo kwa kikwembe. Tulikuwa tumeketi uani kwake, hapa Vulamba, mtaa wetu wa Butembo, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, tukingoja chakula. Wakaleta maharagi. Msichana aliyekuwa anapakua akainamisha sufuria, na mafuta ya mawese yakatangulia kushuka mbele ya maharagi yenyewe, mekundu, mazito, yakaizunguka sahani yangu mpaka ukingoni. Dada yangu Kavira, ambaye marehemu alikuwa mama mkwe wake, akaitazama ile sahani, kisha akanitazama mimi. Akaniinamia sikioni. "Kahambu," akasema, "yangu itakuwa nyeupe kupita yako." Basi tukapasuka. Vijana wakageuka, padri naye akageuka, kijiko kikiwa hewani. Lakini wale wanawake wa rika letu waliokuwa wamekaa upande wa ukuta hawakuhitaji kuuliza. Wakaanza kucheka mmoja baada ya mwingine, wengine wakijishika matumbo ambayo hayajabeba mtoto siku nyingi sana. Hakuna aliyetulaumu. Mama Kambale alikufa mzee kabisa, kitandani kwake, akiwa ameshiba, na katika mji wetu hiyo ni bahati ambayo wengi hawakuipata.

Kicheko kile kilitoka mbali, katika mwaka mmoja wa vita ya pili ya Kongo, wakati Butembo na Beni zilikuwa mikononi mwa waasi, na waasi wenyewe walikuwa wakigawanyika kila tulipozoea majina yao. Watu wakisimulia vita husimulia kana kwamba tulikuwa tukikimbia kutwa nzima. Siku zingine tulikimbia, ndiyo. Siku zingine tulisuka nywele, tukagombana juu ya zamu ya kuchota maji, tukaenda misa na nguo mpya. Mimi nilikuwa msichana niliyetoka kumaliza masomo ya laborantini, yaani mpima damu wa maabara, mwembamba, mwenye maneno mengi, na nilikuwa nimepata kazi katika maternite, hospitali ya kuzalishia, moja ndogo ya Vulamba, nyumba ndefu ya mabati iliyozungukwa na mikaratusi. Nilikaa kwa Kavira na mume wake Kambale. Nyumba yao ilikuwa na sebule ya viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, ambayo hakuna aliyeikalia isipokuwa wageni, na nyuma yake jiko la mbao lililokuwa jeusi kwa moshi, ambamo sote tuliishi. Jiko lilikuwa la Mama Kambale. Mle ndani palikuwa na bakuli moja la chuma lenye maua mekundu na kifuniko, na chakula kilichotoka katika bakuli lile kilikuwa cha mtu aliyechaguliwa.

Mwaka ule aliyechaguliwa alikuwa Kavira. Alikuwa na mimba, na mimba zilizotangulia zilikuwa zimeharibika zote, ya mwisho ikiwa imeshaanza kucheza tumboni. Kwa hiyo ndani ya nyumba hakuna aliyeitaja. Kambale akitaka kuuliza hali ya mke wake aliuliza kama mgongo umelala vizuri. Mama Kambale alisema "ule mugeni". Na Kavira, ambaye tangu utoto alikuwa mtu wa kucheka mpaka anakaa chini, alianza kutembea polepole, mkono mmoja ukigusa ukuta, hata mahali pasipo na utelezi. Tulitaka mtoto huyo azaliwe. Sikumbuki kama mwaka ule tulitaka kitu kingine, hata amani tuliitaka kwa ajili hiyo.

Mwaka huohuo ndipo alipokuja yule tuliyemwita Docteur Muzungusha. Alikuwa mtoto wa kwetu, kijana bado, amesomea mbali, akarudi kutembelea wazazi, na vita vikamfungia njia ya kurudi alikotoka. Mwingine angekaa nyumbani akalalamika. Yeye aliomba chumba pale maternite, akafungua sanduku, akatoa mashine ya kuzungusha damu kwa mkono, yenye mpini kama wa cherehani. Unaweka vichupa, unazungusha mpini mpaka bega linalia, na damu inajigawa: nyekundu inashuka chini, na juu yanabaki maji yake, ambayo sisi tunayaita seramu. Nilikuwa na nguvu za mkono, kwa hiyo nikawa msaidizi wake. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama uani, meza, na frigo ya petroli, yaani friji ya mafuta ya taa, iliyokuwa ikinuka. Huko nilijifunza kazi ambayo imenilisha maisha yangu yote, na mpaka leo nikisikia petroli moyo wangu unachangamka.

Alichokuwa anatafuta alikieleza siku ya kwanza mbele ya wamama wenye mimba na mama wakwe zao, maana Vulamba hakuna mkamwana aliyeenda kupimwa peke yake. Alikuwa amesimama na bakuli la mawese mkononi, akichanganya Kifaransa kama sisi sote, ambao 'lakini' yetu ni mais na 'kwa hiyo' yetu ni donc.

"Mafuta iko ndani ya damu ya kila mutu," akasema. "Mama akiwa na mimba inaongezeka, juu mutoto anajengwa nayo. Mais mafuta inaweza kuaribika, sawa ile munaacha wazi mu cuisine, inaanza kunuka. Ndani ya damu pia inaweza kuwa vile. Donc kuko vitamini moja, E, njo inakuwa sentinelle, mulinzi wa ile mafuta. Na mawese iko nayo mingi. Nataka nijue, wamama ba Butembo na wamama ba Beni, nani iko na ile sentinelle ya kutosha."

Mama mmoja mzee nyuma akainua mkono. "Docteur, basentinelle tuko nabo mu kila barabara. Na mafuta yetu njo ile banakula."

Ua zima likacheka, naye Docteur akacheka mpaka akayamwagia mawese viatu vyake. Nadhani hapo ndipo walipomkubali. Kisha akawaambia neno moja ambalo lingetusumbua miezi: waje asubuhi à jeun, bila kula kitu, maji tu. Wakaitika wote pamoja, kwa adabu, kama wanavyoitika misa.

Sasa lazima niseme jinsi mama wakwe wa kwetu walivyokuwa. Ukioa, mkeo analishwa na mama yako, na mwili wa mkamwana ndio unaotangaza nyumba iliyomwoa. Akikonda, watu wa kwao hawamuulizi mume. Wanamtazama mama mkwe. Na jambo la chakula kinachotolewa jikoni alfajiri ni siri ya nyumba, mgeni hasimuliwi, hata akiwa daktari, wala mtu wa daktari. Haya niliyajua kama ninavyojua jina langu, lakini sikuyaunganisha na vichupa. Mimi nilitoka nyumbani mapema kuliko wote, kwenda kuwasha frigo na kupiga deki, na chai nilikunywa hukohuko kazini.

Wakaja. Kavira alikuwa wa kwanza kwenye benchi, Mama Kambale kando yake akiwa amevaa kikwembe cha Pasaka. Nilizungusha mpini, nikasimamisha mashine, nikatoa vichupa. Seramu ya mtu asiyekula huwa ya manjano, angavu, unaweza kuona dirisha ng'ambo yake. Zile zilikuwa nyeupe. Vichupa vyote, kimoja baada ya kingine, vyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji kidogo, na cha Kavira kilikuwa kizito zaidi. Docteur alivipanga dirishani kwenye mwanga, akavua miwani, akaivaa tena.

"Bamama," akawaita, "mulikuja à jeun?"

"Ndiyo, Docteur."

Tukarudia wiki iliyofuata. Vyeupe zaidi. Kila siku ya damu vichupa vilipopangwa dirishani, mama wakwe waliinuka kwenye mabenchi yao na kuja kutazama, wakinyoosha shingo, wakinong'ona. Nilimsikia mmoja akisema, "Hii ya kwetu, angalia vile inashika," na mwingine akamjibu, "Ngoja juma ijayo." Mimi na Docteur tulidhani wamependa sayansi. Alifurahi sana, akaniambia kwamba pahali pengine watu huogopa damu, lakini hawa wa kwetu wana roho ya utafiti.

Furaha yake haikudumu. Alikuwa na vitabu vichache alivyovibeba, na katika vitabu hivyo mafuta mengi kupita kiasi katika damu ya mama, mafuta yanayoharibika haraka, yalikuwa yakitajwa karibu na kifafa cha mimba, ugonjwa ambao alikuwa ameuona kwa macho ukichukua wanawake. Alimpima Kavira tension, presha ya damu, kila mara. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililozidi kumchanganya. Mwishowe akawapigia marufuku mawese wote waliokuwa na seramu nyeupe, yaani wote. Alitoa amri hiyo huku uso wake umekunjamana, maana ni yeye aliyekuja kuyasifu.

"Mwanamuke wa mimba bila mawese?" Mama Kambale akasema jioni ile, akiiambia sufuria kuliko sisi. "Atamujenga mutoto na nini? Na maji?"

Lakini alitii, kwa vile aliogopa kama sisi. Basi ukaanza msimu wa vyakula vya kuchemsha. Sombe, majani ya mihogo, bila mawese ni kitu cha kijivu kinachokutazama. Lengalenga, mchicha wetu, yalilala kwenye sahani kama yaliyokatazwa kusema. Kavira, ambaye hamu yake yote ya mimba ilikuwa mawese, alikula macho yakiwa yamefumbwa. Kambale akaapa kwamba yeye naye hataonja mafuta mpaka mtoto azaliwe, na tukamhurumia, mwanaume anayependa chakula kiasi kile. Jioni moja akarudi kutoka sokoni, akainama kumsalimu mke wake, na Kavira akamnusa masharubu.

"Kambale. Ulikula sombe ya nani?"

Akakana. Kavira akamshika masharubu kwa vidole viwili, akajinusa vidole, na vilikuwa na rangi. Alianza kulia, kweli kulia, na katikati ya kulia kikaja kicheko, akakaa chini kwenye kizingiti, mkono ubavuni, akicheka kama Kavira wa zamani, na Kambale akasimama mbele yake na masharubu yake ya mawese bila kujua afanye nini. Mama Kambale aligeukia ukuta mabega yakitikisika. Nikikumbuka mwaka ule wa vita, naikumbuka jioni hiyo mbele ya nyingine zote.

Siku ya damu ikafika tena, na seramu ya Kavira ilikuwa nyeupe vilevile, wiki nzima ya majani ya kuchemsha haikuwa imebadili kitu. Docteur aliniita ndani, akafunga mlango. Akasema kama mafuta yanakuja hata bila kuliwa, basi mwili wenyewe ni mgonjwa. Akaanza kusema habari ya kumtoa mtoto kabla ya wakati wake, au kumpeleka Kavira kwenye hospitali kubwa, mbali, kwa ile barabara ambayo leo ilikuwa wazi na kesho imefungwa kwa bunduki. Mtoto wa miezi ile, katika maternite yetu, hakuwa na matumaini mengi. Nilijua mimi, alijua yeye. Alisema kabla ya kuamua angeenda Beni kupima damu za huko, ambako mawese huliwa kila siku, aone ubaya wenyewe una ukubwa gani.

Niliporudi nyumbani Kavira aliniona usoni, sikuhitaji kueleza mengi. Alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, anachambua maharagi. Aliendelea kuchambua. "Kahambu," akasema, "kama huyu naye anaenda, hapana muniambie tena nijaribu." Nilikaa chini tukachambua wote wawili, hata yale mazuri tukayatupa.

Tulienda Beni juu ya lori la mzigo, Docteur, mimi, na kisanduku cha barafu. Ukitoka Butembo umevaa sweta. Ukipita Maboya unaanza kuivua. Ukifika Beni unaona haya kuwa nayo mkononi. Kwenye barrière moja, kizuizi cha barabarani, askari mwenye macho mekundu akagonga kisanduku kwa mtutu, akauliza kwa Lingala kuna nini ndani. Docteur akasema ni cha kuwekea damu ya wanawake wenye mimba. Askari akarudi nyuma hatua nzima, akapangusa mtutu kwa shati lake, akatuambia tupite, tupite haraka, na lori zima likapita bila kutoa chochote. Wenye mizigo walitaka turudi nao.

Mulekera, upande wa nje ya mji, tantine wetu, yaani shangazi, alikuwa na shamba la mihogo na michikichi, na ndiye aliyetukusanyia wanawake. Walikuja jua likiwa limeshapanda kidogo, wamebeba majembe, miguu ina udongo mbichi, matumbo mbele, bila mama mkwe hata mmoja. Wakatoa damu wakicheka. Nilizungusha mpini juu ya meza ya tantine, chini ya ukumbi, kuku wakitutazama. Nikatoa vichupa. Vilikuwa vya manjano, angavu. Niliviona vidole vya Docteur ng'ambo ya kila kimoja.

Akavishika muda mrefu. Walaji wa mawese, na damu yao safi. Kisha akamuuliza mmoja wao, aliyekuwa anajifunga mtoto mgongoni, "Mama, mulikula saa ngapi?"

"Kula?" Yule mama akacheka. "Docteur, huku tunalima kwanza. Tunakula tukirudia, jua ikiwa kali. Nani ataamuka na kukula, iko mugonjwa?"

Tantine alipotuandalia ndizi zilizozama katika mawese Docteur alikula bila kuinua macho. Tantine akatutwika bidoni, yaani dumu, ya mawese ya kupeleka Vulamba. Nilimwambia yamekatazwa, akasema basi tuyapeleke yakakatazwe huko. Njia nzima ya kurudi Docteur alikuwa amekumbatia bidoni ile magotini, anatazama vilima. Tulipoingia mjini akaniuliza kesho ni damu ya nani. Nikamwambia ya Kavira, akaniachia bidoni niende nayo nyumbani.

Asubuhi, nikiwa nimeshawasha frigo, alikuja, akanikuta na ufagio, akasema turudi nyumbani kwetu. Hatukupita mbele. Ukungu ulikuwa bado kwenye mikaratusi, moshi ukitoka jikoni. Aliusukuma mlango wa jiko kwa kidole kimoja. Kavira alikuwa kwenye kiti kidogo, amebana bakuli la maua mekundu kati ya magoti. Mlikuwa na bugali, maharagi, avoka nzima iliyopondwa, karanga, na juu ya yote mawese ya tantine, mapya, yakiwaka. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Mama Kambale alikuwa amemsimamia na kijiko cha kuongezea.

Yeye hakushtuka. "Docteur, karibu," akasema. "Ingia ukule."

"Mama," Docteur akasema polepole, "huyu anakulaka vile kila siku ya damu?"

"Sasa? Nimutume kwako na damu ya njaa? Batu ba Vulamba batasema nini juu ya nyumba yangu? Siku zingine tunafuata yako, tunachemusha. Mais siku ya damu, hapana."

"Na bengine?"

"Bote. Uliza Mama Katembo. Ule anawekaka na nyama ya nguruwe, njo mana ya mukamwana wake inakuwaka nyeupe. Mais ya kwetu inamupita." Akageuka kwangu apate ushahidi. "Kahambu, hapana inamupita?"

Sikuwahi kuona mtu msomi akicheka namna ile. Aliegemea mwimo wa mlango, akateleza nao mpaka chini, koti lake jeupe likichorwa mstari mweusi wa masizi mgongoni, akicheka bila sauti, machozi yakimtoka. Miezi yote ile tulikuwa tumepima mashindano ya mama wakwe. Walikuwa wakitazama dirishani kuona nani ameshinda, na kila tulipoogopa zaidi wao walijivunia zaidi.

Kavira hakucheka. Alikuwa ameacha kutafuna. "Docteur," akasema, "donc mutoto?"

Docteur akajipangusa macho. "Mutoto iko muzuri, mama. Ni maharagi njo iko mu damu yako."

Dada yangu akainamia bakuli. Alilia juu ya chakula kile mpaka nikadhani hatakimaliza, kisha akakimaliza, akapangusa bakuli kwa kidole. Na Mama Kambale, ambaye hakuwa ameelewa kwamba siku zile tulikuwa karibu kumpoteza mjukuu kwa sababu ya kijiko chake, akampakulia Docteur naye. Alikula pale chini alipokaa. Nilimwona akifunga macho kwenye tonge la kwanza.

Hakuwakatalia mama wakwe tena. Ingekuwa kama kukataza mvua. Aliwaambia kwamba heshima ya nyumba itaonekana vizuri zaidi ikiwa chakula kitabebwa mpaka maternite na kuliwa pale pale, mbele ya watu wote, mara tu damu inapotoka. Wakalipenda jambo hilo kupita kiasi. Kuanzia hapo siku ya damu ikawa karamu. Mabakuli yalipangwa kwenye mabenchi, yamefungwa vitambaa. Wenye mimba walitoa mkono, wakabonyeza pamba, wakaenda kukaa. Harufu ya mawese na sombe ilijaa chumba cha labo mpaka mimi na Docteur tukazungusha mpini mate yakitujaa. Seramu zikawa za manjano, zenye mafuta zaidi kidogo kadiri miezi inavyosogea, kama inavyopaswa kwa mtu anayejenga mtu. Mama Katembo alitazama vichupa vile dirishani, akasikitika, akasema kazi imeharibika.

Seramu tulizihifadhi kwenye frigo, kungoja mashine ya kupimia vitamini E, ambayo ilikuwa mbali, ng'ambo ya mipaka na vita. Siku moja watu wenye bunduki walichukua petroli yetu yote, na kabla hatujapata nyingine frigo ilishakuwa kabati. Docteur alifungua mlango, akanusa, akaufunga. "Imeoza," akaniambia. "Hata sentinelle alikimbia." Kwa hiyo hakujua kamwe kama wamama wa Beni walikuwa wameshinda wa Butembo. Barabara zilipofunguka aliondoka, akafundisha kwingine. Mimi nimesoma baadaye kwamba jambo lenyewe si jepesi, na kwamba vidonge vya vitamini hiyo havikuzuia kifafa cha mimba kama ilivyotumainiwa. Wala sisemi mawese ndiyo yaliyotuletea mtoto. Nasema tu kwamba Kavira alikula kwa furaha tangu asubuhi ile, na alitembea bila kushika ukuta.

Alizaa mchana, mvua ikipiga mabati kwa nguvu hivi kwamba milio ya risasi ya upande wa pili wa mji tuliambiwa habari yake baadaye tu. Mtoto wa kike, mnene, mwenye ngozi inayong'aa. Kwa kuwa ni msichana wa kwanza aliitwa Masika, kama desturi yetu. Mama Kambale alimpokea, akamgeuza huku na huku, akatazama mikunjo ya mapaja yake kwa makini ya mtu anayekagua kazi yake mwenyewe. "Mafuta," akasema. "Huyu ni Mafuta. Wasingya, Nyamuhanga." Akamshukuru Mungu hivyo kwa Kinande, na jina likashika, ndilo ambalo watu wa Vulamba wanamjua kwalo mpaka leo.

Mafuta alikuja kumzika bibi yake akitoka Mulekera, alikoolewa, na tumbo lake likiwa mbele. Asubuhi baada ya maziko alitakiwa kupimwa damu hapa Butembo, à jeun. Nilikwenda nyumbani mapema kumsindikiza, maana mimi sasa nimestaafu na asubuhi zangu hazina mwenyewe. Jiko siku hizi ni la matofali. Nilipoingia nikamkuta Kavira amesimama mbele ya binti yake, na mkononi ana bakuli la maua mekundu, maua yenyewe yakiwa yamebanduka nusu. Mama mkwe wa Mafuta, mwanamke wa Beni, mkulima, alikuwa amekaa kando, anatazama kwa mshangao kwamba watu hawa wanakula kabla ya jua.

"Najua, Kahambu," Kavira akasema kabla sijafungua mdomo. "Najua à jeun ni nini kupita bote. Mais leo ni jiko ya nani? Ni ya mama. Hapana atoke humu na damu ya njaa."

"Funika, yaya," nikamwambia dada yangu mkubwa. "Tunaenda nayo."

Tukaenda, sisi wanawake wanne na bakuli limefungwa kitambaa. Mafuta akatoa mkono. Msichana wa labo, mwenye glavu na mashine inayozunguka yenyewe, alinionyesha kichupa kwa heshima ya umri wangu, nikakiinua dirishani. Nikaviona vidole vyangu ng'ambo yake, vyote, na makunyanzi yake. Nilipotoka nje Mafuta alikuwa ameshafungua bakuli kwenye benchi, maharagi yamepoa na mawese yameganda pembeni, naye anakula kama mtu aliyetoka shambani.

"Haiko nyeupe?" Kavira akaniuliza.

"Hapana, yaya. Iko safi kabisa."

"Mama angesikia aibu," akasema. Akachukua kijiko, akamwongezea mtoto wake, na machozi ambayo hayakumtoka kaburini yakamtoka pale, kwenye benchi, huku anacheka.